Mlango wa Kanisa ni wa Nani? Somo kutoka Loliondo



Kila tarehe 3 Desemba ulimwengu huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Siku hiyo inapofika, au Jumapili iliyo karibu nayo, parokia nyingi huwaalika waamini wenye ulemavu, huwakalisha viti vya mbele, huwaombea, huwakabidhi sukari, sabuni na unga, kisha hupiga nao picha. Ni jambo jema, wala hatulidharau. Lakini Jumapili inayofuata viti vile vya mbele vinakaliwa na watu wengine, na wale walioalikwa wamebaki nyumbani kama walivyobaki miezi yote iliyotangulia. Hapo ndipo linapozaliwa swali letu: huyu ndugu ni mgeni wa Kanisa, au ni mwenyeji kama sisi?

Sisi tunasema ni mwenyeji. Ubatizo haukumpa nafasi ya kukaribishwa mara moja kwa mwaka, ulimpa nyumba. Na kama nyumba ni yake, basi mlango, kiti, altare, kitubio na hata choo cha parokia vinapaswa kujengwa kwa kumfikiria yeye pia. Wapo wanaodhani wazo hili ni geni, kwamba limeletwa na wafadhili. Kwa ajili yao tunapenda kumpeleka msomaji Loliondo, wilayani Ngorongoro, katika eneo la Jimbo Kuu la Arusha. Huko yametokea mambo mawili, moja miaka ya 1960 na jingine mwaka 2011, ambayo yanatufundisha mengi kuhusu mlango wa kanisa.

Mzee aliyekataa watu wake wagawanywe

Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifanya utume kati ya Wamasai wa Loliondo katika miaka ya 1960. Aliona kwamba misheni ilikuwa na shule na huduma za tiba, na watu walizipenda, lakini habari za Mungu zilikuwa hazijazungumzwa kwa kina na wazee wenyewe. Akaomba ruhusa kwa askofu wake aende moja kwa moja kwenye maboma. Mwaka 1978 kilichapishwa kitabu chake, Christianity Rediscovered, ambacho kinasomwa hadi leo na watu wanaojifunza umisionari.

Katika kitabu hicho anasimulia tukio ambalo kila mseminari angepaswa kulijua. Baada ya kuwafundisha watu wa jumuiya moja kwa takriban mwaka mzima, padri alianza kupanga nani abatizwe na nani asubiri. Huyu hakuhudhuria vya kutosha, yule alikuwa mzito wa kuelewa, mwingine hakuonyesha juhudi. Mzee wa jumuiya ile, Ndangoya, alimkatiza. Alimweleza kwamba wavivu waliokuwamo walisaidiwa na wenye bidii, na waliochelewa kuelewa walisaidiwa na walioelewa upesi. Kwa hiyo imani waliyoifikia ilikuwa ya wote, na yeye kama mzee aliweza kuikiri kwa niaba ya watu wake wote bila kumwacha nje hata mmoja. Padri alimsikiliza, akabadili mpango wake, akawabatiza wote.

Tusimfanye mzee yule kuwa mwanateolojia wa chuo kikuu, wala tusidai kwamba mila za Wamasai, au za kabila lolote, hazina mapungufu mbele ya ulemavu. Lakini alichokisema ni mafundisho ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba imani ni tendo la mtu binafsi, ndiyo maana katika Misa tunasema “Nasadiki”. Na papo hapo ni imani ya Kanisa zima, ndiyo maana inawezekana pia kusema “Tunasadiki”. Hakuna anayeamini peke yake, kama vile hakuna aliyejizaa mwenyewe.

Sasa tulete somo hilo kwenye parokia zetu. Yule “mzito wa kuelewa” bado yupo. Ni mtoto mwenye ulemavu wa akili ambaye mama yake huambiwa, mbele ya darasa la Komunyo ya Kwanza, kwamba mtoto huyu hawezi, mrudishe nyumbani. Mama hurudi naye, na mara nyingi naye mwenyewe huanza kukosa Misa, kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Kwa neno moja la katekista tumepoteza watu wawili. Mzee wa Loliondo angeuliza: walioelewa upesi walikuwa wapi wasimsaidie?

Kikombe kilichofuata watu kwenye magari

Mwaka 2011 jina la Loliondo lilienea Afrika Mashariki yote na kuvuka mipaka yake. Katika kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 kikombe kimoja. Maelfu ya watu walifika kwa mabasi, magari madogo na hata helikopta. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, watu walilala barabarani kwa siku kadhaa, na baadhi yao walifia njiani. Mzee Mwasapile alifariki mwaka 2021.

Hatuandiki hapa kutetea wala kushtaki dawa ile. Tunachotaka kukumbusha ni mambo mawili ambayo walioshuhudia siku zile wanayajua vizuri.

La kwanza ni kwamba kikombe kilimfuata mtu. Wasaidizi walibeba vikombe hadi kwenye magari, na wagonjwa wengi walikunywa wakiwa wamekaa palepale kwenye viti vyao. Hakuna aliyeambiwa kwamba kama huwezi kushuka na kupanda ngazi, hupati. Katika kijiji kisicho na lami wala ukumbi, watu walitafuta njia ya kumfikia asiyeweza kutembea. Basi inakuwaje kwamba katika kanisa lenye marumaru na vipaza sauti, mama anayetembelea magongo analazimika kujikongoja hadi mbele kupokea Ekaristi, huku waliomzunguka wakimtazama? Mhudumu wa Komunyo hawezi kushuka hatua kumi akamfikia alipoketi? Tusikubali kwamba kikombe cha shilingi 500 kilijua kumfuata mtu, na kikombe cha Bwana hakijui.

La pili ni gumu zaidi. Watu wengi wenye ulemavu walipelekwa Samunge na ndugu zao, na wengi walirudi vilevile walivyokwenda. Waliporudi walikuta nini? Jumuiya ambayo neno lake pekee kwa mtu mwenye ulemavu ni “upone” haina la kumwambia asipopona. Mbaya zaidi, huanza kutafuta kosa: pengine imani yake ni haba, pengine wazazi wake walitenda jambo. Swali hilo ni la zamani. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliikataa hesabu hiyo yote. Tunaomba sala za kuponya ziendelee, kwa maana Kanisa halikuacha kamwe kuwaombea wagonjwa. Lakini mtu asiyeona hapaswi kuwekewa mikono kila anapokanyaga kanisani, kana kwamba hakuna kingine kilichomleta. Pengine amekuja kuungama, au kuimba besi. Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika, na maana yake ni kwamba mstari unaotutenga sisi na yeye ni mwembamba mno.

Sheria ya Kanisa iko upande wa nani?

Baadhi yetu hudhani kwamba kumhudumia mwamini mwenye ulemavu ni hiari ya paroko mwenye moyo mwema. Si hivyo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 777, unamwagiza paroko ahakikishe kwamba watu wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapewa katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Limewekwa pamoja na katekesi ya watoto na ya Komunyo ya Kwanza, kama sehemu ya kazi yake ya kawaida.

Kanuni ya 990 inaruhusu mtu kuungama kwa msaada wa mkalimani, na mkalimani huyo anafungwa na wajibu wa kutunza siri. Kwa hiyo kiziwi asikatazwe kitubio kwa sababu padri hajui Lugha ya Alama. Kanuni ya 1104 inasema wanaofunga ndoa wadhihirishe ridhaa yao kwa maneno, na wasioweza kusema waidhihirishe kwa ishara zenye maana hiyo hiyo. Wachumba viziwi wasiambiwe kwamba ndoa yao ni tatizo la kisheria. Sheria ilikwisha kuwaona zamani.

Serikali nayo imesema. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Ingekuwa aibu kama benki ya mjini ingekuwa na njia ya kiti mwendo kabla ya nyumba ya Mungu.

Na altareni je?

Hapa tunawageukia waseminari wenzetu. Ni rahisi kuzungumzia mlango wa mbele na kusahau mlango wa sakristia. Kumkaribisha mtu ili apokee tu, bila kumruhusu atoe, ni kumwacha bado nje. Msomaji wa Neno asiyeona anaweza kusoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu. Anayetumia kiti mwendo anaweza kuwa katekista, mwenyekiti wa jumuiya, mhasibu wa parokia. Lakini kama mimbari imewekwa juu ya ngazi tatu, tumekwisha kumjibu kabla hajaomba.

Vipi kuhusu daraja takatifu? Mkusanyo wa Sheria wa mwaka 1917 ulihesabu kasoro za mwili zilizomzuia mtu kuhudumu altareni kwa usalama au kwa heshima kuwa kizuizi cha kupokea daraja. Kabla ya hapo, katika karne ya 17, Mtakatifu Isaac Jogues, aliyeharibiwa vidole kwa mateso huko Amerika ya Kaskazini, alihitaji ruhusa ya Papa Urbano VIII ili aweze kuadhimisha Misa tena. Mkusanyo wa mwaka 1983 haukuiweka tena kasoro ya mwili katika orodha ya vizuizi hivyo. Bado askofu anapaswa kupima afya na uwezo wa mwombaji, na ni haki apime. Lakini kupima ni tofauti na kumfungia mtu mlango kwa kumtazama tu. Padri Cyril Axelrod wa Afrika Kusini alizaliwa kiziwi, akapewa daraja mwaka 1970, na baadaye akapoteza pia uwezo wa kuona, lakini aliendelea na utume wake kati ya viziwi. Na tangu Mei 2022 ulimwengu ulimwona Papa Fransisko katika kiti mwendo. Mapema mwaka 2023 alifika nacho Kinshasa na Juba, wala hakuna aliyesema Kanisa limekosa kiongozi.

Papa huyo huyo, katika ujumbe wake wa tarehe 3 Desemba mwaka 2020, alitaka mapadri, waseminari, watawa na makatekista wapewe malezi ya kawaida kuhusu ulemavu na kuhusu vifaa vya kichungaji vinavyomjali kila mtu. Tuulize bila kumlaumu mtu: katika miaka yetu ya falsafa na teolojia, tunajifunza kwa saa ngapi kumsalimu kiziwi, au kumwongoza asiyeona bila kumburuta?

Hoja za wanaosita

Hoja ya kwanza husema kwamba hawa watu ni wachache, mbona hatuwaoni kanisani? Hoja hii inajijibu yenyewe. Hatuwaoni kwa sababu hawawezi kuingia. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya Mtanzania 1 kati ya 10 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea ana aina fulani ya ulemavu. Parokia yenye waamini 2,000 wa umri huo ikifanana na taifa, ina zaidi ya watu 200 wa namna hii. Tena katika wilaya za wafugaji kama Ngorongoro ugonjwa wa trakoma bado unasumbua. Maambukizi yakijirudia, kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho hadi mtu anapofuka, na akina mama huathirika zaidi kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo wenye maambukizi. Kwa hiyo bibi asiyeona, anayeongozwa kwa fimbo na mjukuu, ni wa kwetu kabisa.

Hoja ya pili ni fedha. Ni kweli parokia nyingi ni maskini. Lakini tupige hesabu. Kipimo kinachokubalika kwa njia ya mteremko ni urefu wa mita 1 hadi 12, yaani kila sentimita 15 za kupanda zinahitaji mita 1.8 za njia. Ngazi tatu za sentimita 15 zinahitaji njia ya mita 5.4, yenye upana wa kutosha kiti kupita na ukingo wa kukizuia kisianguke. Ni kazi ya mawe, mchanga, saruji na fundi mmoja. Parokia iliyomudu kuweka geti na vigae inaimudu. Na kwa kanisa ambalo bado halijajengwa gharama ni ndogo zaidi, kwa kuwa mlango mpana hujengwa kwa matofali machache kuliko mlango mwembamba.

Hoja ya tatu ndiyo tunayoiheshimu zaidi, nayo inatoka Loliondo kwenyewe. Wanauliza: njia ya mteremko itamsaidia nini mtu ambaye boma lake liko kilomita 15 kutoka kigangoni, na kati yake kuna korongo? Ni kweli. Zege mlangoni halitoshi. Lakini hapo ndipo tunapopaswa kukumbuka kwamba Injili ilifika Loliondo kwa watu kwenda kwenye maboma, na Misa zilizoadhimishwa chini ya mti hazikuwa na ngazi hata moja. Hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, ni ushahidi mwingine kwamba umbali haukuwa sababu ya kuwaacha watu. Ikiwa mtu hawezi kuja kila Jumapili, jumuiya inaweza kumfuata na Neno, na padri anaweza kupanga Misa ya boma lake. Injili ya Marko, sura ya 2, inatuambia kwamba mtu aliyepooza alifikishwa kwa Yesu na watu wanne waliofungua hata dari. Zingatia namba hiyo. Mmoja peke yake asingeweza.

Tuanzie wapi?

Mosi, tuwahesabu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iandike ni nani kati ya majirani zake haji kanisani kwa sababu ya ulemavu, na ni nini hasa kinachomzuia: njia, ngazi, choo, aibu, au kukosa mtu wa kumleta. Kila sababu ina dawa yake. Anayehitaji bodaboda hatasaidiwa na zege.

Pili, tuwaulize wenyewe kabla ya kujenga. Kuna njia za mteremko zilizojengwa kwa kukisia, kali kiasi kwamba mwenye kiti mwendo anahitaji vijana wawili wa kumsukuma na wanne wa kumzuia asirudi nyuma. Mtu mwenye ulemavu awemo katika kamati ya ujenzi, na awe na sauti.

Tatu, tutenge nafasi za viti mwendo katikati ya safu, pamoja na familia zao, badala ya kuwapanga wote pembeni kama mizigo. Na wenye ulemavu wa ngozi wasikalishwe juani panapokuwa na Misa ya nje.

Nne, vijana wachache katika kila parokia wajifunze Lugha ya Alama. Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, kipo, na viziwi wenyewe ni walimu wazuri kuliko wote. Katika sura ya 7 ya Marko, Yesu alipokutana na kiziwi alimpeleka kando, akamgusa masikio na ulimi, akainua macho mbinguni. Alizungumza naye kwa ishara ambazo mtu yule aliweza kuziona.

Tano, mtoto mwenye ulemavu wa akili asirudishwe nyumbani na darasa la sakramenti. Apewe mwenzake wa kukaa naye, na katekista atumie picha, nyimbo na vitendo. Wale wengine darasani watafaidika pia.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloomba ruhusa kutoka mbali au mradi wa miaka mitano. La kwanza linaweza kufanyika wiki hii, jioni ya sala ya jumuiya, kwa daftari na kalamu. Tunawaomba wanahalmashauri ya walei walipeleke kwenye kikao chao kijacho. Na tunawaomba waseminari wenzetu, watakapotumwa mwaka wa kichungaji, waulize mapema orodha hiyo ya majina iko wapi, na kama haipo, waianze wao.